ULIZA FUNDI: Kompyuta yangu mwenyewe inanikataa nikiwa nje

Safari hii nimepata maswali matatu yanayofanana, wenyewe wamechanganyikiwa, nimeyaweka pamoja kwa sababu yote yanagusa kitu kimoja: zile orodha za kuzuia anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni), vijana wanaziita bloklisti, ambazo watu wengi wanaziwasha kwenye programu za kushea faili bila kujua zinazuia nini hasa. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana huyu dada ameteseka.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Sinza, nina studio ndogo tunashuti harusi, send-off na kitchen party. Mwenzangu anayeedit yupo Mwanza na faili zetu ni kubwa, harusi moja inafika GB 150 hadi 200, tulikuwa tunapandisha mtandaoni kawaida umeme ukikatika unaanza moja, inaumiza sana. Mdogo wangu akatuonyesha torenti, ile njia ya kutumiana faili kwa vipande moja kwa moja kati ya kompyuta, tukaweka programu yake ya qBittorrent kwenye kompyuta ya Windows hapo studio, umeme ukirudi inaendelea palepale ilipoishia, na mimi nikiwa ukumbini nafungua ule ukurasa wake kwa simu naangalia imefika asilimia ngapi. Tulikuwa safi kabisa. Sasa wiki ya tatu hii inazingua. Nikiwa studio kwa waifai inafunguka. Nikiwa kwa dada yangu Tabata kwa waifai yake inafunguka. Nikitumia data ya simu inazunguka weee mpaka inachoka, halafu kesho asubuhi inafunguka vizuri tu, jioni haifunguki tena. Kampuni ya simu nimewapigia mara mbili wanasema mtandao hauna shida. Nimebadilisha neno la siri, nimezima rauta nimewasha. Kabla ya hapo fundi mmoja alikuja kutoa virusi akaniwekea na programu ya ulinzi lakini hiyo sidhani kama inahusika kwa sababu YouTube na kila kitu kwenye hiyo kompyuta kinafunguka. Nifanyeje, mteja wa Jumamosi ananisubiri.

JIBU: Dada yangu pole sana, na hongera kwa kuandika vizuri kiasi hiki, maana jibu umelileta mwenyewe ndani ya barua. Umesema Tabata inafunguka, na umesema data ya simu mara inakubali mara inakataa. Shika hayo mawili. Neno la siri likiwa baya linakuwa baya kila mahali. Poti, yaani ule mlango wa namba ambao programu inapokelea maombi, ikiwa imefungwa kwenye rauta, na kwa dada yako Tabata ungegonga mwamba. Kitu pekee kinachobadilika kati ya asubuhi na jioni kwenye simu yako ni anwani ya IP unayotokea. Waifai ya nyumbani inakaa na anwani moja hata siku nyingi, lakini simu ukizima data ukawasha, au ikikatika ikarudi yenyewe, unaweza ukatokea na anwani nyingine kabisa. Kwa hiyo kuna mlinzi mahali fulani anaangalia anwani, nyingine anazipitisha nyingine anazirudisha.

Mlinzi gani sasa? Hapa ndo watu wanapotea. qBittorrent ina kichujio chake cha IP, lakini kile kazi yake ni kuchagua utabadilishana vipande vya faili na nani. Ule ukurasa unaoufungua kwa simu ni mlango mwingine na una mlinzi wake mwingine, yeye ukikosea neno la siri mara 5 mfululizo anakufungia kwa sekunde 3600 yaani lisaa limoja, na anakwambia kwa maandishi kwamba umefungiwa. Wewe huambiwi chochote, inazunguka mpaka inachoka. Huo ukimya ni dalili kubwa. Maana yake ombi lako limetupwa njiani kabla halijafika kwenye qBittorrent, qBittorrent yenyewe haijui hata kama ulipiga hodi.

Ndo narudi kwa ile programu ya ulinzi. Mimi nina hakika kwa asilimia kubwa ni PeerBlock au ndugu zake. Hiyo imetokana na PeerGuardian ya zamani, toleo lake la mwisho ni la 2014, na mafundi wengi bado wanatembea nayo kwenye flashi wakimwekea kila mtu mwenye torenti. Tofauti yake na kichujio cha qBittorrent ni kwamba yenyewe inakaa chini kabisa kwenye Windows, inazuia kila kitu kinachoingia na kutoka kwenye anwani zilizo kwenye orodha, iwe torenti iwe ukurasa wako iwe nini. Na kwa nini YouTube inafunguka? Kwa sababu ina kiswichi cha kuruhusu HTTP, yaani njia inayofungulia kurasa za tovuti, kikiwashwa inaachia poti 80 na 443 ambazo tovuti za kawaida zinatumia. Ukurasa wako wewe uko poti 8080, hauko kwenye msamaha huo. Kwa hiyo mtu anakaa mbele ya kompyuta anaona intaneti iko poa, anaapa kabisa kwamba hakuna kinachozuia, kumbe kinazuia palepale alipokaa.

Sasa usiamini kwa sababu nimesema mimi, hakikisha. Zima waifai kwenye simu ubaki na data, fungua tovuti yoyote ya kukuonyesha IP yako, iandike kwenye karatasi. Mpigie kijana wako wa studio afungue dirisha la PeerBlock aangalie logi, yaani kumbukumbu ya inavyozuia na kupitisha, inavyoshuka, wewe huku jaribu kufungua ukurasa. Ikitokea mstari wenye ile anwani yako na umeandikwa Blocked, kesi imekwisha. Mwambie asome na jina lililoandikwa pembeni ya mstari, utashangaa, unaweza ukakuta wameandika jina la kampuni ambayo hata hapa Tanzania haipo. Kama logi haionyeshi kitu, ajaribu kuizima PeerBlock dakika mbili tu na wewe ujaribu tena kwa anwani ileile bila kuzima data, hiyo ni muhimu, ukizima data ukawasha utapata anwani mpya na jaribio litakudanganya.

Niseme kidogo kwa nini anwani za simu zetu zinaangukia humo maana hili linaniuma. Anwani za IPv4, yaani hizi za IP za namba nne zenye nukta, dunia nzima ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi, kwa hiyo kampuni za simu zinaweka wateja wengi sana nyuma ya anwani moja. Mmoja kati yao simu yake ikiwa na virusi ikaanza kutuma takataka, anwani inaingia kwenye orodha ya mtu fulani huko Ulaya au Marekani, na wewe uliyekaa ukumbini unapanga video ya bibi harusi unahesabiwa naye. Halafu anwani zinahama. Fungu la anwani lililokuwa la kampuni moja miaka ile linarudishwa au linauzwa, linapewa kampuni nyingine, lakini orodha ya zamani bado ina jina la mwenye mali wa kwanza. Huku kwetu anwani nyingi zinatoka AFRINIC, shirika linalogawa anwani za IP Afrika, zile zinazoanza na 41, 102, 105, 196, 197, na kuna watu wanaotengeneza orodha zao wakichoka kuchambua wanafungia nchi nzima au fungu zima kwa mkupuo. Orodha ni dhana ya mtu mwingine kuhusu watu asiowajua. Ukiiweka kwenye kompyuta yako umeikubali dhana yake yote, pamoja na ile inayokuhusu wewe.

Dawa. Ya haraka kabla ya Jumamosi: kwenye logi abofye kitufe cha kulia juu ya ule mstari, kuna kuruhusu kwa dakika 15, lisaa au kwa kudumu. Hiyo itakuvusha leo ila kesho simu itakuja na anwani nyingine. Unaweza kuandika orodha yako ya kuruhusu, faili la maandishi ya kawaida lenye mstari kama Simu yangu:203.0.113.0-203.0.113.255 (hizo namba ni za mfano, weka za kwako), ukaiingiza kama orodha ya Allow, nayo inashinda ile ya kuzuia. Lakini fungu la kampuni ya simu ni kubwa na utakuwa unalikimbiza kila siku.

Mimi ningekuwa wewe ningeiondoa PeerBlock yote. Haina matengenezo tangu 2014, haifichi IP yako, na kwa kazi yako ya kutumiana na mtu mmoja wa Mwanza haikulindi na chochote. Kama unataka watu wasiohusika wasiingie kwenye faili zako, tengeneza torenti ukiwa umeweka tiki ya kuifanya ya faragha, hapo haitangazwi hovyo, na lile faili dogo la .torrent mpe mwenzako tu.

Alafu kuna kitu sijakipenda. Huo ukurasa wako uko wazi kwenye intaneti kwa HTTP ya kawaida, yaani ukiwa kwenye waifai ya ukumbi na ukaingiza neno la siri, mwenye waifai anaweza kulisoma. Washa HTTPS, ile inayoficha yanayopita njiani, kwenye setingi za ule ukurasa, au bora zaidi funga ile poti kwenye rauta uingie kwa njia ya ndani ya siri (VPN) kama WireGuard, simu na kompyuta zinakuwa kama ziko chumba kimoja. Angalizo, usiweke WireGuard ukiwa bado na PeerBlock ukadhani umepona, maana ombi la kufungua hiyo njia bado linatoka kwenye anwani ileile ya simu na litatupwa vilevile. Na kwa kuwa ni biashara, kumbuka Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) walitangaza kwamba wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajiandikishe kwao, kwa hiyo ulizia utaratibu mapema usije kusumbuliwa.

SWALI: Mkuu heshima yako. Niko Mbezi, mwanafunzi. Nina Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, nyumbani imewekwa programu ya torenti ya Transmission nashushia matoleo ya mfumo wa Linux na kuwagawia washkaji chuoni. Juzi niliwasha bloklisti kwenye setingi, na siku hiyohiyo nikajaribu kuingia kutoka kwenye laptopu ikaandika 403 Forbidden. Nimefuta bloklisti yote bado 403. Kuna mshkaji akanifungulia jina la bure la mtandaoni linaloelekeza kwenye mtandao wangu wa nyumbani, kwa jina hilo ndo inaandika 421. Nimechanganyikiwa, bloklisti si nimeifuta?

JIBU: Mdogo wangu, bloklisti haina hatia, ulizikutanisha siku moja tu. Kwenye Transmission ile bloklisti inahusu wale unaobadilishana nao vipande na haigusi mlango wa kuingilia wewe. Na tofautisha na yule dada wa Sinza: yeye alipata ukimya, wewe umejibiwa. Ukijibiwa 403 maana yake umefika mpaka mlangoni, Transmission imekuona, imesoma anwani yako, imekataa kwa mdomo wake. Hiyo inatoka kwenye rpc-whitelist, orodha ya anwani zinazoruhusiwa kuingia, ambayo kwa kawaida inakuja na 127.0.0.1 peke yake, yaani anayeruhusiwa ni yule aliyekaa kwenye hiyohiyo Pi.

Faili lenyewe ni settings.json, kwa Pi yenye mfumo wa jamii ya Debian (aina ya Linux) liko /etc/transmission-daemon/. Na hapa nakuomba unisikilize kwa makini kwa sababu ndipo watu wanapolia: simamisha kwanza Transmission kwa sudo systemctl stop transmission-daemon ndipo uhariri. Ukihariri ikiwa inafanya kazi, ikizimwa inaandika setingi zake za zamani juu ya zako, unarudi unakuta hakuna ulichobadilisha, unaanza kudhani umerogwa. Kwenye rpc-whitelist ongeza mtandao wa nyumbani, mfano "127.0.0.1,192.168.1.*", hifadhi, washa tena.

Ile 421 ni kitu kingine. Hiyo inaangalia jina uliloandika kwenye brauza wala haiangalii anwani yako. Januari 2018 Tavis Ormandy wa Google Project Zero, timu ya Google inayotafuta mapungufu ya usalama, alionyesha kwamba tovuti mbaya ingeweza kuitumia brauza yako mwenyewe kuiamrisha Transmission iliyoko kwenye kompyuta yako, kwa mchezo wa kubadilisha jina la tovuti lielekee ndani kwako. Baada ya hapo wakaweka rpc-host-whitelist, orodha ya majina yanayoruhusiwa, na kama hujawasha neno la siri jina usilolisajili pale linakataliwa kwa 421. Kwa hiyo andika hilo jina lako la bure hapo na 421 itaondoka. Nakuona utatafuta mtandaoni utakuta mtu anasema weka rpc-whitelist-enabled kuwa false yaishe. Usifanye hivyo kwa kitu kilicho wazi kwa dunia, Pi yako itakuwa haina kingine kati yake na kila mtu zaidi ya neno la siri, kama hata umeliwasha, na wewe najua wengi mnaacha neno la siri lile lililokuja nalo.

Kitu cha mwisho kwako, kabla hujahangaika sana angalia rauta yako ya nyumbani imepewa anwani gani upande wa nje. Ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127, au ni 10 kitu, basi uko nyuma ya anwani ya kushea na hakuna mtu wa nje atakayeweza kukufikia hata ungefungua poti zote, hapo omba kampuni yako ikuuzie anwani ya umma au tumia Tailscale, VPN ya kuunganisha vifaa vyako. Ukienda na Tailscale, jua kwamba yenyewe inagawa anwani za ndani kutoka fungu hilohilo la 100.64, na kuna orodha za kuzuia zinaziandika hizo pamoja na 192.168 na 10 kama anwani zisizotakiwa kuonekana mtandaoni. Ni kweli hazitakiwi kuonekana huko nje, lakini ndizo unazotumia ndani kwako. Ukipakia orodha ya aina hiyo kwenye fayawoli (mlinzi wa mtandao) ya Pi unajifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Fungua orodha yoyote kwa kisoma maandishi kabla hujaipakia, tafuta hizo namba tatu, zifute.

SWALI: Niko Ubungo, kikundi chetu cha kaswida tuna rekodi zetu wenyewe tunagawiana na wenzetu wa Tanga na Unguja kwa torenti. Nilivyoweka faili la ipfilter.dat nililopewa, lile lenye orodha ya anwani za kuzuia, kila kitu kimekaa 0%, wenzangu wanasema wako hewani. Kulitoa naogopa, nimeambiwa bila hilo tutakamatwa.

JIBU: Kaka, kwanza hilo la kukamatwa liondoe moyoni. Rekodi ni zenu, mmeimba wenyewe, mnagawiana wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda nyie wenye kazi. Na mtu anayegawa kazi ya mwingine bila ruhusa faili la kuzuia anwani halimfanyi awe halali, halimfichi pia, kila anayebadilishana naye vipande anaiona IP yake.

Sasa 0%. Kuna mambo mawili na yote mepesi. Huenda anwani za wenzako zimo ndani ya orodha, kwa sababu zile nilizomweleza dada wa Sinza. Kama unatumia qBittorrent, fungua logi yake utaona waliozuiwa, linganisha na IP za wenzako, wapigie wakusomee. La pili, kwenye setingi za qBittorrent chini ya kichujio cha IP kuna kisanduku kinachosema kichujio kitumike na kwa treka pia. Treka ndiyo inayowakutanisha, ikiwa anwani yake imeangukia kwenye orodha na kile kisanduku kina tiki, programu yako haiwezi hata kuuliza wenzako wako wapi, wao wako hewani na wewe uko hewani ila hamjuani. Toa hiyo tiki kwanza, bofya kulia kwenye torenti uilazimishe kutangaza upya, subiri dakika chache. Wakitokea, ulikuwa ni huo mtego. Wasipotokea, zima kichujio chote kwa dakika tano uone.

Ukitaka kubaki na orodha hata hivyo, lifungue hilo faili kwa Notepad, kila mstari una anwani ya kuanzia, ya kuishia, namba na jina, tafuta fungu lenye anwani ya mwenzako wa Unguja ufute mstari huo, uhifadhi, ulipakie upya. Faili lenyewe linaweza kuwa na mistari laki kadhaa kwa hiyo usilisome kwa macho, tumia kutafuta kwa namba mbili za mwanzo za anwani, na kumbuka mafaili mengi ya aina hii yanaandika sifuri mbele, 41 inakuwa 041, ukitafuta 41.59 hutaiona kamwe, tafuta 041.059. Na fungu linaweza kuanzia namba ya chini na kuishia ya juu, anwani ya mwenzako ikawa katikati bila kuandikwa popote, kwa hiyo angalia na mistari ya juu yake.